Chupa Mbili Mezani na Jiko la Mama

SALEHE: Dada Zuhura, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu. Leo umeingia umeficha mikono mfukoni, nikadhani umeniletea zawadi.

SALEHE: Tazama mwenyewe.

ZUHURA: Eee! Wasikilizaji, kucha zote kumi nyekundu. Na siyo hina.

SALEHE: Udongo. Leo siku ya nne nasugua na haujatoka. Jiko la mama limeanza, dada.

ZUHURA: Alhamdulillah. Maana kila wiki mnatuma ujumbe hapa, jiko la mama Salehe limefikia wapi. Mama amepikia lile banda la bati mpaka tumelijua kama la kwetu. Saa saba mchana huwezi kuweka mgongo ukutani.

SALEHE: Lile linavunjwa. Nimekaa Kaole, kule Bagamoyo, siku tatu na mzee mmoja fundi, tunasimamisha ukuta wa fito na udongo, mita tatu kwa mbili na nusu. Na leo nimekuja na masomo matatu nimeyaandika kabisa. Kwanza udongo, pili ukuta, tatu makuti. La makuti ndilo refu, bibi wa makuti amenifundisha mambo.

ZUHURA: Anza basi, saa inatembea.

SALEHE: Kabla sijaanza, naweka hii mezani. Usiitikise.

ZUHURA: Chupa ya maji imejaa tope.

SALEHE: Huo ni udongo wa kichuguu, tumeuchimba nyuma ya shamba la mzee. Unajaza theluthi ya chupa, unaongeza maji mpaka karibu na shingo, unatia chumvi kidogo, unafunga, unatikisa kwa nguvu, kisha unaiacha kabisa. Nimeitikisa sasa hivi hapo mlangoni. Mchanga hutangulia kushuka, dakika moja tu. Unafuata tope laini. Mfinyanzi ndio wa mwisho, wenyewe unaweza kuelea mpaka kesho. Ukituama unaona matabaka, unapima kwa rula.

ZUHURA: Na unatafuta nini?

SALEHE: Mchanga uwe mwingi kuliko mfinyanzi. Mfinyanzi ndio gundi, lakini ukizidi, ukuta ukikauka unapasuka kama kisigino cha mkulima. Ukipungua, ukuta unapukutika ukiupitishia mkono.

ZUHURA: Mzee naye ana chupa?

SALEHE: Mzee hana habari na chupa. Chupa nimeonyeshwa na kijana mmoja wa ujenzi aliyekuja kujifunza kama mimi. Mzee aliuchota udongo, akaufinya donge, akalishika usawa wa bega, akaliachia. Likipondeka kama ugali, ama maji yamezidi ama mfinyanzi. Likitawanyika lote, ni mchanga mtupu. Lake lilivunjika vipande vitatu, akatikisa kichwa akaridhika. Kisha akautia kidogo mdomoni, akautafuna na meno ya mbele huku kafumba macho. Anasikiliza mchanga unavyokwaruza.

ZUHURA: Akasemaje?

SALEHE: Akasema, "Huu ni mkali, utiwe mchanga ndoo moja kwa kila ndoo mbili." Basi. Usiku ule ule nikaenda kujaza chupa nione.

ZUHURA: Ngoja. Ngoja kidogo.

[anatoka, mlango unasikika]

SALEHE: Wasikilizaji, dada ametoka. Hajawahi kutoka katikati ya kipindi.

[mlango]

ZUHURA: Nina ndoo ya udongo kwenye gari, wa kiwanja changu cha Nianjema. Nilikuwa nampelekea jirani yangu wa maua. Nipe chupa nyingine.

SALEHE: Sasa hivi?

ZUHURA: Kiwanja nimekinunua miaka miwili, sijui hata nimenunua nini! Nipe chupa.

[kelele za maji, udongo, kutikisa]

SALEHE: Haya, iweke. Iache.

ZUHURA: Nimeiacha. Mchanga huo unashuka. Salehe, ona, ni mchanga nusu nzima ya udongo wote!

SALEHE: Pwani hiyo, dada. Twende kwenye ukuta. Nguzo za pembeni tumechimbia, ncha zilizoingia ardhini tumezichoma kwanza motoni mpaka zikawa mkaa kwa nje, kwa ajili ya mchwa. Mimi nilitaka boriti za mikoko, kama za nyumba za Mji Mkongwe. Mzee akanikatalia. Mikoko ni hifadhi, huikati bila kibali, na yeye ameona ufukwe ulivyoliwa na bahari pale ilipokatwa. Tumetumia mikaratusi ya kununua. Kisha fito, zinafungwa za kulala, ndani na nje ya nguzo, kati ya fito na fito shubiri moja.

ZUHURA: Shubiri ya nani?

SALEHE: Hilo ndilo lilitufungulisha fito nusu ya ukuta. Mimi nilipima ya kwangu, mzee akapima ya kwake. Mzee ana kiganja kama kasia. Akasema ukuta mmoja, mkono mmoja.

ZUHURA: Chupa yangu maji yameanza kung'aa juu. Yako bado chai ya maziwa.

SALEHE: Yangu ina mfinyanzi, ndiyo maana. Sikiliza sehemu hii sasa, hii ndiyo niliyoipenda. Udongo tuliukanda kwa miguu jana yake, tukaulaza chini ya magunia mabichi. Asubuhi unachota donge la ukubwa wa embe dodo. Mzee yuko ndani, mimi niko nje, tumetazamana katikati ya fito, uso kwa uso. Anasema "Haya." Anarusha lake, narusha langu, kwa pamoja. Madonge mawili yanakutana katikati ya fito, yanashikana, pwa! Ukichelewa, donge lake linapita lote linakuja kukupiga kifuani. Ukiwahi, lako linamfuata yeye.

ZUHURA: Lilimfuata?

SALEHE: Mara mbili. Hakusema kitu, alijifuta akasema "Haya" tena. Kufika adhuhuri tulikuwa hatuongei, tunasikia pwa, pwa, pwa, ukuta unapanda. Nikachukua mwiko nisawazishe, akapiga kelele kutoka ndani, "Weka chini hiyo! Kukandika ni kiganja!"

ZUHURA: Kwa hiyo kwenye udongo mwiko ni mwiko.

[wanacheka]

SALEHE: Mwiko unakuja baadaye, kwenye kusiriba. Ule ukuta wa kwanza unauacha ukauke upasuke unavyotaka, nyufa zile ndizo zinazoshika udongo wa pili, mwembamba, uliochujwa mchanga. Kisha juu yake chokaa. Na hapa naomba niseme wazi, maana naona watu wanakosea: usipige plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Udongo unavuta unyevu na kuutoa. Saruji inauziba ndani. Maji yakishapata ufa mmoja hayatoki tena, ukuta unaoza nyuma ya plasta huku wewe unauona mzuri, mpaka siku ganda zima linadondoka.

ZUHURA: Mimi hapo sikubaliani nawe.

SALEHE: Kwenye saruji?

ZUHURA: Kwenye yote. Nimekusikiliza vizuri na nimefurahi kwa ajili ya mama, lakini nakaa hapa naona unawaambia watu warudi kwenye mbavu za mbwa, nyumba za fito na udongo. Mimi nimelala kwenye mbavu za mbwa, Salehe. Mwaka 1997, mvua za El Niño, nina miaka tisa, niko kwa bibi yangu, kule Saadani. Ukuta wa upande wa kitanda ulianza kutoa jasho. Bibi akaugusa, akatuambia tuamke. Hatujafika baraza, ukaja wote chini. Kitanda kilikuwa kimefunikwa, fito zimebaki zimesimama unaona minazi ya nje.

SALEHE: Pole, dada. Hukuwahi kuisema hii.

ZUHURA: Nasema leo. Na bibi yangu alijua kila unachokisema. Alijua udongo wa kichuguu, alijua kulaza, alijua kusiriba. Alikuwa akisiriba kila mwaka kabla ya masika, kwa mikono yake, mpaka alipozeeka akashindwa kuinama. Mwaka alioshindwa ndio mwaka ulioanguka.

SALEHE: Ulikuwa na msingi wa mawe?

ZUHURA: Udongo mpaka chini.

SALEHE: Na paa lilitokeza kiasi gani?

ZUHURA: Usinifanyie hesabu ya ukuta wa bibi yangu.

SALEHE: Siyo hesabu, nauliza kwa sababu hapo ndipo penye jibu. Hili la mama tumeliinua juu ya mawe, kufika goti, na upenu unatokeza dhiraa mbili kila upande. Mvua ikipiga chini na kuruka haifiki kwenye udongo. Ukuta haukuwa na kosa, ulikosa viatu.

ZUHURA: Na nani atausiriba mama akizeeka? Wewe uko hapa studio.

SALEHE: Mimi.

ZUHURA: Kila mwaka?

SALEHE: Kila mwaka. Twende mbali kidogo, nenda magofuni Kaole. Msikiti ule ni wa karne ya 13, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, bila hata kijiko cha saruji, na kuta bado zimesimama.

ZUHURA: Kuta. Paa liko wapi?

SALEHE: Paa limeanguka, ndiyo.

ZUHURA: Na nyumba za watu wa kawaida wa Kaole ile ziko wapi? Wavuvi, wakulima, wote walioswali pale. Walilala wapi? Kwenye udongo. Nionyeshe ukuta wao mmoja. Kilichobaki ni cha waliokuwa na uwezo wa mawe. Watu wa pwani hii wamefanya kazi vizazi vingapi wapate tofali na bati, leo tuwaambie udongo ni bora?

SALEHE: Umerudi ardhini, ukuta wao. Mimi hilo naliona ni jema. Tofali la saruji likivunjika ni kifusi, utakihangaikia wewe na mwanao. Udongo ukivunjika unaumwagia maji, unaukanda, unajenga tena. Tena sisemi mtu avunje nyumba yake. Nasema jiko, banda, kibanda cha kupumzikia, mtu ajue kukisimamisha mwenyewe asisubiri fedha ya mifuko ya saruji.

ZUHURA: Bibi naye hakusubiri fedha, alikosa.

SALEHE: Ndiyo, alikosa. Lakini jiko la mama sasa hivi lina ukuta baridi saa saba mchana, dada. Niliweka shavu pale.

ZUHURA: Sijakataa kwamba ni baridi. Bado nasema, ningekuwa mimi, nje ningepiga saruji na wavu wa kuku.

SALEHE: Ningekuja usiku kuubandua.

ZUHURA: Tuiache hapo, hatutamaliza. Salehe!

SALEHE: Nini?

ZUHURA: Yako imeanza kugawanyika. Ona mstari ule. Mchanga chini, halafu ule wa kahawia.

SALEHE: Wapi? Subiri, usiinyanyue, dada, usi...

ZUHURA: Nimeinyanyua nione kwa mwanga.

SALEHE: Imechanganyika yote.

ZUHURA: Nisamehe. Wallahi nilisahau. Kwani tukianza upya inachukua muda gani?

SALEHE: Mchanga dakika moja. Mfinyanzi, kesho.

ZUHURA: Basi tikisa upya. Na muda umetuishia, tumebakiwa na dakika mbili, na hatujafika makuti.

SALEHE: Hatujamaliza hata la kwanza! Sijasema habari ya chokaa inavyochomwa. Makuti 220 yale, bibi wa makuti ameshona yote, anakunja jani juu ya upongoo, analishona, kuti moja linamalizika mimi bado natafuta jani la pili.

ZUHURA: Sema moja tu la makuti.

SALEHE: Paa liwe na mteremko mkali, limesimama, lisilale. Likilala maji yanakaa, kuti linaoza. Na makuti ya viungo, haya ya kushonwa, ndiyo ya paa; ya kumba, yale ya kusukwa, ni ya ua. Mengine siwezi kwa dakika mbili, bibi atanikasirikia nikiyaharakisha.

ZUHURA: Mwite aje mwenyewe.

SALEHE: Anasema hapandi gari, twende sisi.

ZUHURA: Twende. Nitabeba ndoo ya Nianjema, mzee auonje.

SALEHE: Atautema.

ZUHURA: Autafune kwanza. Tikisa hiyo chupa, na uiache hapa hapa mezani, nitamwambia mlinzi asiiguse.

[kutikisa]

SALEHE: Nimeiweka. Saa kumi na dakika kumi.