Ule mkono wa pampu tuuache jamani

Haya, huko nyuma mnanipata? Sawa. Kila nikialikwa kuongea kuhusu kupima matokeo ya miradi ya afya lazima kuna mtu anitangulie na slaidi ya John Snow, yule daktari aliyesema kipindupindu kinaenezwa na maji, na ile pampu ya maji ya Broad Street, London, 1854. Leo tena nimeiona, nikajikaza. Sasa nasema.

Kisa mnakijua, kipindupindu kimepamba moto, tarehe 8 Septemba mkono wa pampu unang'olewa watu wasichote tena, ugonjwa unaisha, makofi. Shida ni kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza kushuka siku kadhaa kabla, na wakazi wengi walishaukimbia mtaa. Snow mwenyewe aliliandika hilo, sisi ndio tunaomsifia kwa nguvu. Ukichora kabla na baada pale unapata chati tamu kabisa ya jambo ambalo huenda lingetokea hata pampu ingebaki na mkono wake. Na ripoti zetu nyingi ndo zilivyo! Mlipuko unafika kileleni, wakubwa wanashtuka, hela inatoka, wagonjwa wanapungua, tunapiga picha ya pamoja. Kitu kikishafika juu kabisa mlitaka kiende wapi tena?

Kazi ya maana ya Snow hamuiweki kwenye slaidi. Kusini mwa London kulikuwa na makampuni mawili yanauza maji mitaa ileile, nyumba hii inachukua kwa huyu, ya jirani kwa yule, matajiri na maskini wamo pande zote. Kampuni ya Lambeth mwaka 1852 ikahamisha sehemu ya kuchotea, ikapanda juu ya mto Thames kabla haujapokea uchafu wa mji. Southwark and Vauxhall (kampuni moja hiyo, jina tu refu) ikabaki palepale kwenye maji taka. Basi Snow akaanza kupiga hodi kwenye nyumba zenye msiba. Anauliza, maji mnachukua kampuni gani? Mtu hajui, bili analipa mwenye nyumba. Afanyeje? Anachukua maji kwenye kichupa, anatia nitrati ya fedha, ya Southwark and Vauxhall yana chumvi nyingi yanageuka meupe mazito, ya Lambeth yanapata ukungu kidogo tu. Nyumba moja baada ya nyingine! Sisi na tableti zetu tunashindwa kwenda na dodoso kwa jirani ambaye mradi haukumfikia.

Kwa kila nyumba 10,000 kampuni chafu ilikuwa na vifo 315, Lambeth 37. Hapo sasa unaweza kuongea.

Najua kuna mtu anajiandaa kuniambia, mwalimu, hatuwezi kuwanyima watu huduma ili upate wa kulinganisha. Nani kasema umnyime mtu? Mwaka wa kwanza hela haitoshi, haijawahi kutosha, kuna watu watangoja tu upende usipende, swali ni nani anapanga foleni, kura ya kubahatisha au shemeji wa mheshimiwa. Mexico na Progresa yao, ile ya kuzipa familia maskini pesa watoto waende shule na kliniki, walichukua vijiji 506, kwa bahati nasibu 320 vikaanza 1998, 186 vikangoja mpaka karibu mwisho wa 1999. Wote wakaingia, na wenye mradi wakapata jibu.

Mengine nayapitia mbio. Idadi ya vyandarua vilivyogawiwa sio matokeo, ni taarifa ya stoo, niambie nani kalala ndani yake. Wastani unaficha watu, kijiji kinapanda huku wale wa mwisho wamekaa palepale. Halafu dawa ya minyoo inamsaidia hata mtoto ambaye hakuimeza, maana minyoo ya kuambukizana inapungua pale mtaani, kwa hiyo ukilinganisha na jirani wa karibu sana mradi wako utaonekana dhaifu kuliko ulivyo, ndio, hiyo inabishana kidogo na niliyoyasifia sasa hivi, nilikuwa na slaidi saba za hilo na muda umeisha. Maikrofoni mpeni yule dada, mkono wake uko juu tangu nilipoisema pampu.