Tengeneza kirusha utando cha Spider-Man kwa bomba la kalamu

Haya, karibuni mezani. Leo ni kirusha utando cha Spider-Man, na ni kile cha mwanzo, cha katuni za mwaka 1962, ambacho Peter Parker, ndiye Spider-Man, alikiunda mwenyewe akakivaa kwenye kifundo cha mkono. Kwenye filamu ya 2002 utando unamtoka mwilini. Mimi nataka kifaa, nataka kazi ya fundi.

Na ninakipenda kwa sababu hakiui. Kinamfunga mwizi, anabaki ananing'inia, halafu baada ya kama saa moja utando unayeyuka wenyewe. Polisi wawahi tu!

Vitu ni hivi: bomba la kalamu linaloonyesha ndani, springi ya kalamu ya kubofya, kijiti cha mshikaki, klipu ya karatasi, kijiti cha aiskrimu, kijiti cha pamba cha masikio, uzi mweupe wa kufumia, kitambaa cha kufungia mkononi. Zungushia selotepu ncha ya mshikaki, ivishe springi kwa nyuma yake, ingiza vyote kwenye bomba, mkia utokeze kwenye kizibo ulichotoboa. Tayari.

Sasa tundu. Hapa tulia. Vuta mkia mpaka springi ijibane yote, weka alama mbele ya selotepu, mbele kabisa, siyo juu yake. Toboa kwa sindano ya moto. Tundu liwe jembamba kama waya wa klipu, basi! Mimi bomba tatu zimeharibika hapa: tundu likizidi, klipu inacheza na mtambo unafyatuka wenyewe. Nasema tena, toboa kidogo, jaribu waya, ongeza kidogo.

Subirini... gundi imeachia, mnaona? Kijiti cha aiskrimu kimehama. Narudisha, nakishika nikihesabu hadi sitini.

Kijiti cha aiskrimu kikae kando ya bomba, kiegemee kipande cha njiti katikati, kama bembea ya ubao. Mbele kiko kwenye kiganja, nyuma kiko chini ya mkono wa klipu. Ukibonyeza mbele, nyuma inainuka na klipu inachomoka. Bonyeza kwa vidole viwili vya kati tu, cha shahada na cha mwisho vinyooke. Ndiyo maana ya ile ishara yake! Kidole gumba kiache nje.

Kata kijiti cha pamba nusu, funga uzi chini ya pamba, nusu mita inatosha, kichomeke mdomoni mwa bomba. Uzi usijiviringe kwenye klipu. Usimwelekezee mtu usoni, hata kama ni pamba.

Vuta mkia, chomeka klipu... taratibu, tundu lile lile nililosema. Kiganja kirudi nyuma. Ninalenga kile kikombe.

Tap! Uzi umezunguka mkono wa kikombe. Tazameni, ninakivuta.