Bakteria Hawana Neno, Tazama Sukari

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie vinywaji vya bakteria rafiki, kama mtindi, na najua kusimama hapa Tanga na kusema "punguzeni mtindi" ni kutafuta ugomvi. Sikuja kuwaachisha. Nimekuja kwa ajili ya wanaoukata kama maji kwa kuwa wamesikia unasafisha tumbo.

Bakteria wengi wa kwenye vinywaji hivi hawahamii tumboni. Wanapita, wanafanya kazi yao, wanatoka. Kwa hiyo ukiongeza chupa, faida haiongezeki kwa kiasi hicho.

Sukari ndiyo haipiti hivihivi. Chukueni Yakult, kinywaji kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1935. Kichupa cha mililita 80 kinachouzwa Marekani kina sukari karibu gramu 10, nyingi yake ya kuongezwa. Kimoja si kitu. Sita zinakaribia gramu 60! Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu wa kilokalori 2,000. Umeshavuka mpaka na chai bado hujainywa, na chai yetu mnaijua. Mtindi wa ladha ya stroberi nao usomeni kibandiko chake. Mwenye kisukari achukue ule mtupu, usiotiwa sukari.

Tumbo likijaa gesi, likinguruma, au ukiharisha, shuka hadi glasi moja ndogo kwa siku. Halijatulia? Acha kabisa wiki moja uone. Wengi wetu ukubwani tunapungukiwa kimeng'enya cha kuvunjavunja laktosi, sukari ya maziwa. Mtindi huvumilika kuliko maziwa yasiyoganda, lakini lita nzima ni lita nzima. Togwa haina laktosi, ila mnavyoimiminia sukari, mimi hunyamaza tu. Kuharisha kunakoambatana na damu au homa si habari ya mtindi tena; nenda zahanati.

Watoto njiti ni jambo jingine kabisa. Oktoba 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kuwa bakteria hawa wanaweza kuwasababishia maambukizi makali, hata kifo. Mtoto wa namna hiyo, au mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, asipewe vinywaji hivi kabla daktari hajasema.

Haya, maswali. Mama wa kanga nyekundu, mkono wako nimeuona muda mrefu.