Kutengeneza kioo cha fedha kwa asali ya Sikonge

Karibuni tena mezani kwangu hapa Tabora, hasa ninyi wa kidato cha tano na sita. Leo tunageuza aldehaidi (kampaundi yenye kundi la CHO) kuwa asidi ya kaboksili (yenye kundi la COOH), na aldehaidi yetu haitoki dukani. Ni glukosi iliyomo kwenye hii asali ya Sikonge.

Vaa miwani na glavu kwanza. Nitrati ya fedha ikikugusa, ngozi inabaki na madoa meusi siku kadhaa.

Sasa osha neli ya majaribio kwa sabuni na brashi, kisha suuza kwa maji yaliyotoneshwa. Hapa usifanye haraka. Maji ya bomba yana kloridi, yanatia ukungu mweupe, na neli yenye mafuta haitoi kioo. Mara ya kwanza nilidharau hili, nikapata tope jeusi mbele ya darasa zima.

Weka mililita 3 za nitrati ya fedha, ya mola 0.1. Dondosha tone moja au mawili ya hidroksidi ya sodiamu. Umeona hayo mashapo ya kahawia? Ni oksidi ya fedha. Sasa amonia, tone kwa tone, huku unatikisa. Tone... tikisa... tone... tikisa. Kahawia inafifia. Ikibaki kidogo tu, punguza mwendo, na maji yakitakata, acha hapo hapo. Ukizidisha amonia, kioo kitachelewa au kitagoma kabisa. Hiki ndicho kitendanishi cha Tollens.

Koroga nusu kijiko cha asali kwenye maji kidogo, chukua mililita moja, mimina kwenye neli. Itikise mara moja, isimamishe kwenye bika la maji ya moto, kama nyuzi 60, wala yasichemke. Usiiguse tena.

Wakati tunasubiri: kaboni ya aldehaidi imeshika oksijeni upande mmoja na haidrojeni upande mwingine. Oksijeni nyingine inajipenyeza katikati ya kaboni na haidrojeni hiyo, na elektroni mbili zinazoachwa zinachukuliwa na ioni mbili za fedha, zinazogeuka fedha yenyewe na kuganda ukutani mwa neli: ndicho kioo chetu. Kwa kuwa humu mna alkali, unapata kwanza chumvi, glukonati. Asidi yenyewe, ya glukoni, inajitokeza ukishatia asidi.

Mtaniuliza kuhusu fruktosi, maana asali inayo nyingi, nayo ni ketoni, yaani kaboni yake iliyoshika oksijeni iko katikati ya kaboni nyingine na haina haidrojeni. Ketoni za kawaida hazikubali jaribio hili, ila fruktosi ndani ya alkali inajigeuza kuwa glukosi na mwenzake manosi, kwa hiyo inakubali. Mtahini anapenda sana mtego huo.

Haya, sogeza kamera. Kijivu... halafu hiyo! Naona pua yangu humo.

Mabaki usiyahifadhi hata usiku mmoja, yakikauka yanaweza kulipuka. Tia asidi ya nitriki iliyozimuliwa, mwaga kwenye chombo cha taka za maabara. Neli hii mimi nasuuza tu, naiweka dirishani.