Kujenga nyumba kwa bloku za povu na zege: kutoka kozi ya kwanza hadi siku ya kumwaga

Hii unayoiona mezani ni bloku ya povu. Urefu wake ni milimita 1,200, kimo 400, na uzito haufiki kilo 5. Ina mbavu mbili za polistirini ngumu, kila moja unene wa milimita 65 hivi, zimeshikanishwa na viunganishi vya plastiki. Uwazi huu wa katikati, kwa bloku hii milimita 150, ndio ukuta wenyewe wa nyumba yako. Unapanga bloku, unaweka nondo ndani, unamwaga zege, na povu halibanduliwi tena. Linabaki pande zote mbili kuzuia joto na baridi.

Kabla hujagusa chochote, weka hesabu moja kichwani. Zege bichi lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo, na kabla halijaanza kushika linasukuma pembeni kama maji yanavyosukuma kuta za tangi. Ukimwaga kimo cha mita 1.2 kwa mkupuo mmoja, chini ya ukuta kuna msukumo wa karibu tani 3 kwa kila mita ya mraba. Ukijaza mita 2.8 kwa mkupuo, unakaribia tani 7, na kinachozuia mzigo huo ni plastiki na povu tu. Mategemeo (nguzo za kuushikilia ukuta), skrubu na vipande vya plaiwudi utakavyoviona kwenye video hii vyote viko pale kwa sababu ya hesabu hiyo.

Tuanze na makadirio. Chukua nyumba yenye mzunguko wa mita 40 na ukuta wa mita 2.8, yaani kozi 7, mistari saba ya bloku iliyopandana. Eneo ni mita za mraba 112. Toa milango na madirisha, tuseme 14, zinabaki 98. Bloku moja inafunika mita za mraba 0.48, kwa hiyo unahitaji bloku 205. Ongeza asilimia 5 ya zitakazokatwa, ziwe 215. Ndani ya hizo, kona 4 kwa kozi 7 ni bloku 28 za kona, nusu za kulia na nusu za kushoto. Usiagize zote za upande mmoja, maana kozi hupishana: hii kona ya kulia, inayofuata ya kushoto. Zege ni 98 mara 0.15, yaani mita za ujazo 14.7. Agiza 15.5. Zege kubaki kidogo ni hasara ndogo. Kuishiwa ukiwa umebakiza kozi moja ni balaa.

Sasa msingi. Ukuta wa matofali ya kawaida unamsamehe fundi, kwa sababu kila kozi ina udongo wa kusawazishia. Bloku hizi hazina udongo. Tofauti ya usawa wa msingi isizidi milimita 6 kutoka kona hadi kona. Ukiacha kibonde cha milimita 15, bloku haitakikalia. Itaning'inia juu yake, na mwanya huo utauona ukipanda kozi kwa kozi hadi juu. Kama kiwanja kina mteremko, ngazi za msingi ziwe na kimo cha milimita 400 au mara mbili yake, ili kozi zikutane bila kukatwa.

Nondo za kusubiria zinazochomoza kwenye msingi lazima ziangukie katikati ya uwazi. Tazama hii: imekaa milimita 60 nje ya mstari, na bloku haiwezi kushuka bila kuichuna mbavu. Usiipinde kwa nyundo. Ikate, toboa tundu jipya mahali sahihi, lipulize vumbi lote litoke, kisha uigandishe nondo kwa gundi ya epoksi kwa kina alichokiandika mhandisi.

Kozi ya kwanza. Piga mstari wa chaki, anzia kwenye kona na uje katikati. Bloku ya kukata iangukie mahali pa mlango au chini ya dirisha, ambapo utakata tena hata hivyo. Ukiweza kuuamua urefu wa ukuta tangu kwenye mchoro, uwe unaogawanyika kwa 200, kwa sababu viunganishi vya bloku hii vimepishana milimita 200. Viunganishi visimame vimepangana wima kutoka chini hadi juu. Alama zake zimechorwa kwenye povu. Baadaye ndivyo vitakavyoshika skrubu za jipsamu na za mategemeo.

Usigandishe kozi ya kwanza kwa povu la gundi mara moja. Panga ya pili juu yake kwanza, maungio yapishane angalau milimita 200, halafu weka pima maji. Kozi mbili zikiwa zimeng'atana meno ya kingo za bloku, kosa linajionyesha lenyewe. Palipo juu, kwangua chini ya bloku. Palipo chini, chomeka kabari. Ukiridhika, ndipo upige povu la gundi lisilovimba sana chini ya mzunguko wote. Lile linalovimba sana linainua ukuta ulioutumia asubuhi nzima kuusawazisha.

Hapa sogea karibu uone. Vipande viwili vilivyokatwa vimekutana, na ungio limekuja kuwa mstari mmoja wima kozi tatu mfululizo. Hakuna meno, hakuna kiunganishi karibu. Povu likipasuka, mara nyingi litapasukia mahali kama hapa. Weka kipande cha plaiwudi nje na kingine ndani, upana milimita 300, na skrubu zake ziingie kwenye viunganishi vya kulia na kushoto kwa ungio. Skrubu iliyoingia kwenye povu tupu haishiki kitu. Fanya hivyohivyo kila ulipokata bloku na kuacha povu refu kupita milimita 150 bila kiunganishi.

Nondo za mlalo unazilaza kwenye vijaluba, yaani vijishimo vya kukalia nondo, vya viunganishi kadiri unavyopanda. Kozi hii ilaze kwenye kijaluba cha kushoto, inayofuata cha kulia, na uendelee kupishanisha. Ukimaliza kupanga, unashusha nondo za wima kutoka juu, zinapenya katikati ya zile za mlalo na kubanwa bila kufungwa waya kila mahali. Maungio yapishane angalau mara 40 ya kipenyo: nondo ya milimita 12, milimita 480. Mchoro wa mhandisi ukitaka zaidi, fuata mchoro. Juu ya madirisha na milango kuna linta, na nondo zake zipite ukingo wa tundu milimita 600 kila upande. Ringi za linta, zile nondo nyembamba zilizokunjwa kuzunguka nondo kubwa, ziingize wakati kozi hiyo bado iko wazi, maana ikishafunikwa huwezi tena.

Maboksi ya madirisha unatengeneza kwa mbao zilizotiwa dawa. Ndani yake weka vizuizi vya mlalo na wima kila milimita 400, la sivyo zege litaziminya mbao na dirisha lililonunuliwa halitaingia. Upande unaokutana na zege, piga skrubu ndefu zichomoze ili boksi lishikwe. Na ubao wa chini usiuzibe wote. Acha nafasi ya milimita 100 katikati kwa urefu wote wa boksi. Hapo ndipo utakapomwagia zege la chini ya dirisha na kushushia vaibreta, mashine ya kutikisa zege ili lishikamane. Boksi lililozibwa chini huacha pango ambalo hutaligundua hadi mvua ikuonyeshe.

Mabomba ya maji, ya maji taka na ya nyaya za umeme yapitishiwe mikono ya plastiki sasa, yaani vipande vya bomba vinavyovuka ukuta. Hesabu matundu mara mbili. Kutoboa zege la milimita 150 lenye nondo ni kazi ngumu.

Mategemeo yanakaa upande mmoja, wa ndani. Nguzo moja kila mita 1.5, isizidi 1.8, moja ndani ya milimita 600 kutoka kila kona, na moja kila upande wa tundu la mlango au dirisha. Tazama tundu la skrubu kwenye nguzo hii: ni refu, si la duara. Kaza skrubu halafu uilegeze robo mzunguko. Ukuta utatulia chini kidogo zege likiingia, na nguzo iliyokazwa kabisa itaushikilia juu na kufungua maungio ya kozi.

Funga uzi juu ya ukuta kona hadi kona, ukae mbali na povu kwa kibao cha milimita 20 kila mwisho. Ukipitisha kibao cha tatu kati ya uzi na povu unajua mara moja ukuta umeenda wapi. Kabla ya kumwaga, acha ukuta uegemee ndani milimita 5 hadi 8. Kuusukuma nje kwa skrubu ya tegemeo ni rahisi. Kuuvuta ndani ukiwa umejaa zege ni vita.

Siku ya kumwaga. Kokoto zisizidi milimita 12 kwa uwazi huu, slampu, kipimo cha ulaini wa zege bichi, iwe milimita 125 hadi 150, na nguvu ya zege angalau megapaskali 25 kama mhandisi hakusema vingine. Likiwa zito zaidi, halipenyi kwenye viunganishi na nondo. Likiwa jepesi zaidi, linaongeza msukumo na kokoto zinatengana na uji wake. Dereva atakuambia aongeze maji ili lishuke vizuri. Kataa. Kama linahitaji kulainika, tumia kilainishi cha zege kwa kipimo cha mtengenezaji.

Mpira wa pampu upunguzwe kipenyo hadi milimita 75 au pungufu, na mwishoni uwe na viwiko viwili vya kuvunja kasi, ili zege lisianguke kama jiwe. Anza chini ya madirisha hadi lionekane kwenye ile nafasi. Kisha zunguka nyumba nzima ukijaza milimita 900 tu. Rudi ulipoanzia, zunguka tena 900, halafu malizia. Mzunguko mmoja uchukue kama saa moja. Pampu inaweza kuleta mita za ujazo 5.4 za mzunguko huo kwa dakika chache sana, kwa hiyo anayesimamia mpira ndiye mwenye breki. Siku ya baridi nenda taratibu zaidi, maana zege linachelewa kushika na msukumo unabaki. Siku ya joto usichelewe, la sivyo tabaka la chini litakauka na la juu halitaungana nalo. Kwenye kona usielekeze mpira moja kwa moja; mwaga umbali wa mita moja, acha zege litiririke lenyewe, kisha fanya hivyo upande wa pili.

Vaibreta iwe na kichwa cha milimita 25, si kile kikubwa cha slabu. Kishushe haraka hadi kiingie milimita 150 kwenye tabaka la chini, kisha kivute juu polepole, milimita 75 kwa sekunde. Angalia hapa kwa karibu: mapovu yanapanda, yanapasuka, uso unang'aa na kutulia. Imetosha. Sogea milimita 300. Ukikiacha mahali pamoja, zege linakuwa kama maji tena na bloku inaanza kulia. Mlio huo wa kukatika kwa plastiki ukiusikia, ondoa kichwa hapohapo.

Bloku ikipasuka, usijaribu kuizuia kwa mikono. Mpira uhamie upande mwingine wa nyumba. Toa zege lililomwagika, rudisha kipande cha povu, kifunike kwa plaiwudi ya milimita 18, kaza skrubu kwenye viunganishi na uegemeze ubao hadi chini. Subiri dakika 20 kabla ya kurudi. Vipande hivyo vya plaiwudi viwe vimekatwa na viko mkononi tangu asubuhi, kila upande wa nyumba.

Ukishajaza, sawazisha juu, chomeka boliti za kushikia paa, kisha rudi kwenye uzi. Una kama nusu saa ya kuzungusha skrubu za mategemeo na kunyoosha ukuta. Baada ya hapo utakavyouacha ndivyo utakavyokaa.

Mategemeo yabaki siku kadhaa. Ukuta wa chini ya ardhi usirudishiwe udongo hadi sakafu ya juu yake iwe imefungwa, kwa sababu ukuta mrefu usioshikwa juu unasukumwa na udongo. Uzuie maji kwa utando wa kubandika. Lami yenye petroli au kiyeyushi kingine inalila povu. Paka kidogo kwenye kipande kilichobaki uone shimo linavyochimbika.

Njia za umeme zinachongwa kwenye povu kwa kisu cha moto. Nyaya za PVC zipite ndani ya bomba, maana zikigusana na polistirini miaka mingi ganda lake hukakamaa na kupasuka. Ndani funika povu lote kwa jipsamu ya milimita 12.5, hata stoo na juu ya dari: povu tupu halifai kubaki wazi ndani ya nyumba ya watu kwa sababu ya moto. Ukuta huu haupitishi hewa, hivyo panga njia ya kuingiza hewa safi kabla hujaziba dari.

Nje, povu lililopigwa na jua wiki kadhaa huwa la manjano. Pitisha kiganja. Kikitoka na unga, plasta itashika unga huo, sio povu, na itabanduka pamoja nao. Kwangua kwa parasi, kifaa chenye meno cha kukwangulia, hadi weupe urudi, futa vumbi, jaribu tena kiganja. Kikitoka kisafi, weka wavu na uanze kupaka.