Pingu Zilizompwaya Agnes

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni. Waliowahi kunisikia wanajua ninakoelekea, na wale vijana wa kule nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitalirudia mpaka tuache kuwaambia mabinti zetu kwamba Mtakatifu Agnes, yule binti wa Roma aliyeuawa kwa imani yake, alikuwa msichana mpole aliyejinyamazia na mwanakondoo wake.

Madhulumu ya Diokletiano, Kaisari wa Roma aliyewatesa Wakristo, mnayafahamu, siyarudii. Wengi huweka kifo cha Agnes karibu na mwaka 304, wengine hukirudisha nyuma hadi katikati ya karne ya 3. Tusigombee hilo. Kalenda ya Roma ya mwaka 354 tayari inaitaja Januari 21 kuwa siku yake, pale kwenye barabara ya Nomentana alikozikwa.

Sasa twende kwa Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano, aliyeandika juu yake karibu mwaka 377. Anasema Agnes alikuwa na miaka 12. Kumi na miwili! Mama zangu mliopo hapa mnajua mtoto wa umri huo bado anatumwa chumvi dukani. Ambrosi naye anajua. Anasema watoto wa rika hilo hawastahimili hata kukaziwa macho na wazazi wao, na wakijichoma sindano hulia kama waliojeruhiwa. Kisha anauliza: katika kale kamwili, jeraha lingepata wapi mahali? Walileta pingu zikampwaya. Hapakuwa na chuma chembamba cha kuibana ile mikono. Ebu fikirini dola zima, lenye majeshi na mahakimu, linahangaika kutafuta pingu ya saizi ya mtoto!

Na mtoto mwenyewe hakunyamaza. Wengi walimtaka awe mke wao. Jibu analoliandika Ambrosi ni kwamba aliyemchagua kwanza ndiye atakayempata, kisha anamgeukia mwenye upanga: unangoja nini? Mwenye upanga ndiye anayetetemeka, mkono hautulii, uso umempauka utadhani yeye ndiye aliyehukumiwa. Watu wanalia, binti hana chozi.

Ambrosi anaongeza neno ambalo kila mwaka nalitafuta kwenye mahubiri yetu silioni. Anasema kuhusu mambo ya wanadamu umri wake haukuruhusu aaminiwe, lakini kuhusu Mungu akaaminiwa. Yaani neno lake kwa watu halikuwa na uzito. Ndilo hilo Kanisa limelishika hadi leo, tena jina lake linatajwa katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, altareni, mbele ya maaskofu. Halafu mtu mzima anasimama mimbarini anawaambia wasichana, muigeni Agnes, mkae kimya! Amesoma wapi?

Najua kuna atakayesema, mwalimu, unaupuuza ubikira wake. Siupuuzi. Ambrosi mwenyewe ameiweka habari hii katika kitabu kuhusu mabikira. Lakini ubikira wake ulikuwa uamuzi wake, aliutetea kwa kinywa chake mbele ya watu wenye silaha. Ukiuondoa uamuzi umebaki na sanamu ya plasta.

Na mwingine atasema waandishi wenyewe hawapatani. Kweli. Kwa Ambrosi, Agnes anauinamishia upanga shingo. Papa Damaso, katika beti zake zilizochongwa kwenye marumaru, ambazo mtazikuta katika kanisa la Agnes Roma hadi leo, anataja moto, na nywele zilizomsitiri mwilini. Mshairi Prudentius analeta danguro na kijana aliyepofuka kwa kumtazama vibaya. Haya, wanapishana. Lakini Damaso anasema wazi kwamba anaandika yaliyosimuliwa, na kwake pia Agnes ni mtoto anayeyaacha mapaja ya yaya wake kwenda kumkabili mtawala kwa hiari yake. Kuhusu namna ya kifo kila mmoja ana lake. Kuhusu utoto na hiari hakuna aliyebadili neno.



Upesi sasa, naona mwenyekiti anatazama saa. Mwanakondoo kwenye picha zake ni wa zamani, sikatai, yupo miguuni pake katika mozaiki ya Ravenna ya karne ya 6. Ila nendeni kwenye kanisa lake la Nomentana, mozaiki aliyoiweka Papa Honorio wa Kwanza karne ya 7. Hamna mwanakondoo. Amevaa kama malkia, upanga chini ya miguu, na ndimi za moto kando. Hiyo ndiyo picha ningependa ibandikwe kwenye madarasa ya kipaimara.

Konstantina binti wa Konstantino, aliyejenga basilika karibu na kaburi, ningemzungumzia, namruka. Palio Takatifu, lile vazi la mabegani la maaskofu wakuu: wanakondoo wawili hubarikiwa kwa desturi siku ya Agnes, na sufu yao hufumwa ule utepe mweupe wenye misalaba myeusi unaobarikiwa Juni 29. Askofu mkuu wa Dar es Salaam huuvaa, wa Nairobi huuvaa. Wazee wale wanabeba mabegani sufu inayohusishwa na mtoto ambaye hakuruhusiwa hata kuaminiwa, na wengi wetu tunadhani ni pambo.

Emerentiana, anayesimuliwa kuwa dada yake wa kunyonya, sikukuu yake Januari 23, msomeni wenyewe. Dada uliyenyoosha mkono tangu mwanzo, haya, uliza.