Mkimya na Mchangamfu Katika Ndoa Moja: Mhadhara kwa Wachumba na Wanandoa Wapya

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu vijana, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wachumba huliuliza mno: mtu mkimya na mtu mchangamfu wanaweza kuishi pamoja wakaelewana? Jibu langu ni ndiyo, tena wanaweza kuelewana sana. Lakini ndoa za aina hii zikiharibika, mara nyingi huharibika kwa njia ile ile moja. Njia hiyo inajulikana na inazuilika, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi leo.

Aliyeieneza tofauti hii ni Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, katika maandishi yake ya mwaka 1921. Alisema kuna watu ambao nguvu za nafsi zao huelekea ndani, na wengine huelekea nje. Watafiti waliomfuata wameonyesha kwamba hakuna ukuta kati ya makundi hayo. Wengi wetu tuko katikati, na wachache ndio walio pembeni kabisa. Mkimya si lazima awe mwoga, wala si lazima awe na maringo. Anawapenda watu, ila wakiwa wengi na kwa muda mrefu huchoka mapema kuliko mwenzake. Mchangamfu naye hufikiri huku anasema: huanza maneno hajui yataishia wapi, akifika mwisho ndipo anajua alichokuwa anawaza. Mkimya hulimaliza jambo kichwani kwanza, na likishakwisha kichwani haoni sababu ya kulisema. Mtaona jinsi hilo la mwisho linavyoleta balaa.

Siku hizi kuna vipimo vya haiba, yaani hulka ya mtu, kwenye simu, hasa vile vya aina 16 vilivyotokana na kazi ya Isabel Myers na mama yake, Katharine Briggs, wa Marekani. Unajibu maswali, unapewa herufi nne, kisha unaambiwa uoane na mwenye herufi fulani. Jifurahisheni navyo, lakini msivunje uchumba kwa sababu ya herufi. Mwaka 2010 ulichapishwa uchambuzi wa takwimu za maelfu ya wanandoa wa Australia, Uingereza na Ujerumani. Kufanana kwa haiba kulichangia kidogo sana katika kuridhika kwao. Kilichokuwa na uzito zaidi ni haiba ya kila mmoja kwa upande wake. Mwenye wasiwasi mwingi na hasira za karibu huwa haridhiki sana, hata aoe au aolewe na anayefanana naye. Kwa hiyo ukimchunguza mchumba, usihesabu maneno yake. Mtazame anavyokasirika, na anavyotimiza alichoahidi.

Basi shida hutoka wapi? Hutoka kwenye maana ambayo kila mmoja anaipa tabia ya mwenzake.

Ni saa moja usiku. Mume ameingia, ameshinda akisikiliza wateja toka asubuhi. Mke ana habari za siku nzima. "Baba Neema, kazi ilikuwaje?" "Salama tu." "Salama tu? Hamna lolote?" "Hamna." Hapo mke anajiambia, huyu hanitaki tena. Anauliza la tatu, la nne, na sasa swali lina lawama ndani yake. Mume anajiambia, nimeanza kushambuliwa ndani ya nyumba yangu. Anashika simu, au anatoka nje kama mtu anayeangalia geti. Mke anamfuata. Kadiri huyu anavyofuata, yule anazidi kujificha, na kadiri yule anavyojificha, huyu anazidi kufuata. Waulize nani alianza, kila mmoja atamtaja mwenzake, na hakuna anayedanganya.

Mwanasaikolojia Andrew Christensen wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ameisoma hali hii kwa miaka mingi. Katika utafiti aliouchapisha na mtafiti mwenzake Christopher Heavey mwaka 1990, wanandoa walijadili mambo mawili: moja ambalo mke alitaka mume abadilike, na jingine ambalo mume alitaka mke abadilike. Kwenye hoja ya mke, mke ndiye aliyesukuma zaidi na mume akarudi nyuma. Kwenye hoja ya mume, tofauti hiyo haikuonekana. Nawaomba mlishike hili. Mtu hafuati au kukimbia kwa sababu ya hulka yake tu. Anayetaka badiliko ndiye husukuma, na anayeridhika na mambo yalivyo ndiye hukwepa. Hata mkimya wenu, siku akitaka jambo kweli, mtamwona akifuata.

Sasa tufanye nini? Mwili kwanza. John Gottman na Robert Levenson, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapima wanandoa mapigo ya moyo wakiwa wanabishana. Moyo ukishapita mapigo 100 kwa dakika mtu ameketi, kusikiliza kunakuwa kazi ngumu mno: maneno anayasikia, lakini anachokitafuta ni pa kutokea. Kutulia kunahitaji angalau dakika 20. Kwa hiyo mkubaliane, siku mnapoelewana, kwamba yeyote anaweza kuomba mapumziko. Anayeomba ndiye anayetaja saa ya kurudi. "Nimechemka, tuendelee saa tatu na nusu" ni ombi. "Niache" peke yake ni mlango uliofungwa, na mwenzako ataugonga. Kama usiku umekwenda sana, taja kesho, lakini isipite saa 24.

Mapumziko haya huharibika kwa njia mbili. Mkimya hupata nafuu akanyamaza moja kwa moja, kwa sababu kwake jambo limeshakwisha kichwani. Akifanya hivyo mara mbili tu, mara ya tatu mwenzake hatakubali kuachia, na atakuwa na haki. Mchangamfu naye hukubali kupumzika, kisha anatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita kutoka chumba cha pili. Hayo si mapumziko. Na dakika 20 za kupanga lawama kimoyomoyo haziushushi moyo. Tembea, oga, kunja nguo, au uswali kama ni wakati wa swala.

Mkirudi, jambo liwe moja. Anayelalamika aanze na tukio na hali yake: "Jana ulipoondoka mezani nilijiona mpweke." Akianza na "wewe siku zote", mkimya ameshaondoka hata kama bado amekaa. Kisha mkimya aseme alichokisikia kabla hajajibu. Naona dakika tano kwa kila mmoja zinatosha. Zikizidi, mchangamfu ataongeza jambo la pili na la tatu.

Kuna jambo dogo ambalo kwa maoni yangu linaokoa nyumba nyingi. Mkimya akiingia apewe nusu saa ya kuoga na kutulia bila maswali. Ikiisha, yeye ndiye aanze mazungumzo, dakika kumi, simu ikiwa mbali. Kufuata kunapungua mtu anapofuatwa yeye. Mchangamfu asiyeulizwa habari zake hata siku moja hujifunza kuzitafuta kwa nguvu.

Wageni ni mtihani wa peke yake. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kuleta watu wanne Jumamosi jioni bila taarifa ni kumwonea mwenzako mkimya. Mpigie kabla ya kuwaalika. Taja ni wangapi na wanaondoka saa ngapi. Kwenye harusi na sherehe mkubaliane mapema saa ya kuondoka, na nauli ya mmoja kutangulia nyumbani iwepo, ili mchangamfu abaki bila kununiwa.

Msitarajie tofauti hii iishe. Gottman alikuta kwamba asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa ni ya kudumu. Mnajifunza kuizungumza bila kuumizana.

Ila kuna kimya ambacho si hulka. Mtu anayenuna wiki nzima mpaka uombe msamaha anakuadhibu. Mtu anayenyamaza kwa kuogopa kipigo yuko hatarini. Huyo hahitaji mbinu za mazungumzo, anahitaji usalama na msaada. Na mchangamfu aliyekuwa akicheka, kisha akanyamaza kwa wiki mbili na zaidi, halali vizuri, hana hamu ya chakula, apelekwe hospitali. Huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na ina tiba.

Namalizia na wakwe. Mke mkimya akienda ukweni husemwa ana dharau. Mume mkimya husemwa anaringa na kazi yake. Kazi ya kuwaelewesha ndugu ni ya mwenye ndugu, tena ifanyike kabla ya safari: "Mama, mwenzangu akiingia ndani kupumzika baada ya chakula hajachukia, ndivyo alivyo." Mkimya naye ana wajibu wake siku hiyo. Asalimie kila mtu, mmoja mmoja, asaidie kazi moja inayoonekana, na akae na wazee walau saa moja ndipo aombe ruhusa ya kupumzika. Mchangamfu asimwite sebuleni kila anapofika jirani.